Nyumbu wa Kupanda Sokoni Mugogo

Kwenye soko la Mugogo, mashariki mwa Kongo, kando ya barabara ya taifa namba 2 inayotoka Bukavu kuelekea Walungu, mnyama hanunuliwi bila komisioneri, yaani dalali. Ndiye anayejua ng'ombe yupi ametoka Burhale, mbuzi yupi ana mimba na nguruwe yupi ameuzwa kwa sababu nyumbani kuna ada ya shule. Mteja akimwendea na kumwambia, "Natafuta nyumbu wa kupanda," atatazamwa mara mbili. Kisha, kwa kuwa komisioneri wa Mugogo hakatai biashara, ataambiwa arudi juma lijalo.

Hapo ndipo matatizo yanapoanzia. Juma lijalo huenda kweli akaletewa kitu chenye masikio marefu, kikaitwa nyumbu, na kikawekewa bei ya nyumbu.

Wazo lenyewe si la kipuuzi. Walungu ni nchi ya vilima vya udongo unaoteleza, na mvua zake huanza Septemba na kuendelea hadi Mei. Kuna vijiji vya Kaniola, Mulamba na upande wa Nzibira ambako jeep hukwama na motari wa pikipiki hukataa kwenda, au hukubali kwa nauli inayomfanya abiria aone afadhali atembee. Muuguzi anayezunguka na chanjo, katekista mwenye vigango vitano, mwalimu anayefundisha ng'ambo ya bonde, wote hao wangefurahi kupata mnyama anayepanda mlima bila petroli. Na nyumbu, kwa kazi hiyo, hana mpinzani. Ana kwato nyembamba ngumu, hula majani ambayo farasi angeyadharau, na mahali penye hatari husimama mwenyewe kabla mpandaji hajaona chochote. Watu huita hiyo ukaidi. Aliyewahi kushuka bondeni usiku juu ya mgongo wake huiita akili.

Nyumbu tunayemsema hapa, msikilizaji, si yule wa makundi ya Serengeti. Ni baghala, mtoto wa punda dume na farasi jike. Punda ana kromosomu 62, farasi ana 64, na mtoto wao hupata 63, hesabu isiyogawanyika kwa wawili. Kwa sababu hiyo nyumbu karibu wote ni tasa. Nyumbu hazai nyumbu. Kila mmoja lazima atengenezwe upya, na kwa kila mmoja lazima awepo farasi jike.

Basi swali la nyumbu wa Walungu ni swali la farasi. Tangu lini mtu ameona farasi jike akila majani Ngweshe au Kaziba? Bashi, wenyeji wa vilima hivi, ni wafugaji tangu enzi za mababu, ng'ombe ndiye anayefunga ndoa na kupatanisha koo, lakini farasi hakuwahi kuingia katika hesabu hiyo. Pasipo farasi, muuzaji wa kienyeji anayesema nyumbu wake amezaliwa kilima cha pili ama anadanganya au hajui anachouza.

Farasi hawakukosekana Kongo kwa kukosa watu wa kuwaleta. Waliletwa wakafa. Mbung'o aliwaua kwa nagana katika mabonde na misitu. Palipokosekana mbung'o, kulikuwa na visubi, wadudu wadogo wanaobeba maradhi yanayoitwa tauni ya farasi ya Afrika. Maradhi hayo yakiingia katika kundi la farasi wageni, 9 kati ya 10 wanaweza kufa. Kwa nyumbu, karibu nusu. Punda wa Afrika mara nyingi hata hayamlazi chini. Nyumbu basi amerithi nguvu za mama na nusu tu ya kinga ya baba, na anayemnunua amlete Kivu lazima alijue hilo kabla hajatoa pesa.

Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alipoona farasi na ng'ombe wa mizigo hawafai, alijaribu tembo. Mwaka 1879 tembo wanne walipakiwa India na kushushwa Msasani, karibu na Dar es Salaam, chini ya Frederick Carter, waende kwa miguu hadi Karema kwenye Ziwa Tanganyika. Watatu walifia njiani. Mmoja, jike aitwaye Pulmalla, alifika. Baadaye Wabelgiji waliwageukia tembo wa Kongo yenyewe: kituo cha kuwafundisha kikaanzishwa Api, kaskazini, chini ya afisa Laplume, kisha kazi ikahamia Gangala-na-Bodio, karibu na mahali ambapo leo ni hifadhi ya Garamba. Ukifikiria kwamba serikali nzima iliona ni rahisi zaidi kumfundisha tembo wa porini kulima kuliko kumweka farasi hai, utaelewa kwa nini nyumbu hakuzoeleka huku.

Vita vya Kwanza vya Dunia viliandika somo lile lile kwa mizoga. Mwaka 1916 wapandafarasi wa Afrika Kusini chini ya jenerali Van Deventer walikwenda mbio hadi Kondoa Irangi kuwakabili Wajerumani, na farasi wao wakamalizika njiani. Kabla mwaka haujaisha, farasi na nyumbu wa jeshi la Waingereza walikuwa wamekufa kwa maelfu kwa maelfu. Upande wa Wabelgiji, kikosi cha afisa Olsen kilichoanzia bonde la Ruzizi na wenzao waliopitia Rwanda waliingia Tabora Septemba mwaka huohuo, na mizigo yao ilibebwa na watu. Mkoloni naye, vita vilipokwisha, alipotaka kupanda kilima alikaa kwenye kipoyi na wanaume wanne wakaweka miti mabegani. Mnyama wa kupanda wa Kivu, kwa miaka mingi, alikuwa binadamu.

Kwa nyumbu wa kweli, mtu atazame kaskazini mashariki. Ethiopia ina farasi wengi, punda mamilioni, na nyanda za juu ambako maradhi hupungua, na ni moja ya nchi za Afrika zenye nyumbu wengi. Huko nyumbu wa kupanda ni mnyama wa heshima. Kasisi mkuu, jaji, bibi harusi wa ukoo mkubwa, hao ndio waliopanda nyumbu, na nyumbu mzuri aliweza kuuzwa kwa bei kubwa kuliko farasi. Mnunuzi wa huko hatazami ukubwa kwanza. Anatazama mwendo. Anataka mnyama anayetembea upesi kwa hatua ndogo zinazoteleza, bila kumrusha mpandaji, ambaye mtu anaweza kumpanda kutwa nzima na ashuke bila kushika kiuno.

Tena ni Ethiopia iliyotoa mfano mbaya kuliko yote wa kununua nyumbu kwa pupa. Waingereza walipotaka kumfuata Mfalme Tewodros hadi ngome yake ya Maqdala mwaka 1867 na 1868, mawakala wao walisambaa Misri, Uturuki, Hispania na kwingineko wakinunua nyumbu kwa maelfu. Wanyama walishushwa Zula, pwani ya Bahari ya Shamu, kabla ya wachungaji wa kutosha kufika na kabla ya maji kuwa tayari. Walikata kamba, wakatangatanga jangwani, wakafa mamia kwa mamia kwa kiu na maradhi. Jenerali wao, Napier, alifika Maqdala Aprili 1868 akiwa pia na tembo 44 kutoka India. Nyumbu waliponunuliwa, hakuna aliyenunua maji yao.

Kwenye pwani ya Afrika Mashariki hadithi ni ya punda. Unguja ya masultani ilithamini punda weupe wa Maskati, warefu, wenye mwendo laini, waliotandikwa tandiko zuri kwa ajili ya mabwana na mabibi. Lamu hadi leo punda hubeba mchanga, matofali na watu, hushindanishwa mbio wakati wa Maulidi, na tangu 1987 wana hospitali yao ya bure, iliyofunguliwa na shirika la Donkey Sanctuary la Uingereza. Stanley alipokwenda kumtafuta Livingstone mwaka 1871 aliondoka Bagamoyo na farasi wawili na punda zaidi ya ishirini. Farasi wote wawili walikufa Kingaru, siku chache tu baada ya safari kuanza. Punda waliendelea, ingawa wengi nao waliishia njiani.

Kwa hiyo mtu wa Walungu anayetafuta nyumbu, akisema kweli mbele ya nafsi yake, anatafuta punda. Je, punda atamfaa kwa kupanda? Punda wa kawaida wa Afrika Mashariki ana uzito wa kilo 120 hadi 160 hivi. Mzigo unaomfaa mgongoni, kwa safari ndefu ya milima, ni kilo 40 hadi 50. Mtoto wa shule sawa. Mzee mwembamba labda, kwa mwendo mfupi. Mwanamume wa kilo 75 mwenye mkoba wa dawa kwenye kilima cha Lurhala, hapana. Atamvunja mgongo mnyama, na mnyama atajibu kwa kulala barabarani.

Kilo 50, msikilizaji. Itazame namba hiyo vizuri, maana ndiyo inayobebwa na mama.

Njia zote zinazoteremka kutoka vilima vya Walungu kwenda Mugogo, Nyangezi na Bukavu zina akina mama waliofunga kamba kwenye paji la uso, mgongo umepinda, gunia la mihogo, makaa au ndizi za pombe ya kasiksi likilala kwenye kiuno. Wengi hubeba kilo 50. Wapo wanaobeba zaidi, na mtoto kifuani. Kamba ile huacha alama kwenye ngozi ya paji la uso ambayo haifutiki, kama mshipi unavyomwachia punda wa mizigo alama kifuani. Anayelipa ndiye anayepima gunia, kwa hiyo uzito hubishaniwa, na mbebaji hushindwa ubishi kabla hajaanza kutembea. Kaskazini, Goma wana chukudu, baiskeli ya mbao ambayo wameijengea hata sanamu. Lakini chukudu hutaka mteremko na barabara pana. Njia ya miguu ya Kaniola haitaki gurudumu lolote.

Huu ndio uzito wa jambo lenyewe. Nyumbu wa kupanda angemfaa mkubwa mmoja anayezuru vigango. Punda wawili wa mizigo wangeondoa magunia mawili kwenye vichwa viwili kila siku ya soko. Kama kuna kikundi cha akiba, parokia au ushirika wenye pesa za kununua mnyama mmoja wa fahari, pesa hizo zitazaa zaidi zikinunua wanyama wawili wa kazi. Wanaume wengine watacheka, kwa sababu ng'ombe ana jina na punda hana. Wacheke. Ila jambo moja liangaliwe: mahali pengi mnyama wa mizigo akiingia nyumbani, mwanamume humfanya wake, hukodisha, na mama hurudi kwenye kamba. Makubaliano ya nani anamshika kamba mnyama na nani anashika mapato yake yafanywe siku ya kununua.

Sasa, huyo punda atatoka wapi, na mnunuzi amtazame vipi?

Sokoni Mugogo punda si bidhaa ya kawaida, kwa hiyo hakuna bei ya soko, kuna bei ya siku hiyo. Nchi jirani yenye punda wengi ni Tanzania: Arusha, Manyara, Dodoma, Singida, Shinyanga. Kutoka huko njia ya kawaida ya bidhaa ni Kigoma, kisha ziwani hadi bandari ya Kalundu, Uvira, kisha bonde la Ruzizi hadi Kamanyola, ndipo milima ianze. Ni safari ndefu kwa mnyama, na bondeni kuna joto na wadudu, hivyo anahitaji siku za kupumzika kabla ya kupandishwa. Cheti cha daktari wa mifugo kitaulizwa mpakani na kitaulizwa tena na watu wa ukaguzi wa kilimo na mifugo wa jimbo. Tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu, vizuizi vya barabarani vimeongezeka. Mnyama asiye na karatasi hana mwenyewe mbele ya mtu mwenye bunduki, na hata mwenye karatasi hana hakika.

Karatasi ya mauzo ina sababu nyingine. Biashara ya ngozi za punda, zinazochemshwa China kutengeneza dawa ya ejiao, iliikumba Afrika Mashariki vibaya. Nchini Kenya machinjio ya punda yalianza kazi mwaka 2016. Taasisi ya utafiti ya KALRO ilihesabu punda zaidi ya 300,000 waliochinjwa hadi mwisho wa 2018, na wezi wakawa wanawaiba usiku na kuwachuna vichakani. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku mwaka 2020, mahakama ikaitengua marufuku hiyo mwaka 2021, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, mjini Addis Ababa, wakakubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Punda wa bei rahisi mno anayekuja usiku bila mwenyewe wa kueleweka anaweza kuwa punda wa machozi ya mtu mwingine. Karatasi itaje kijiji alikotoka mnyama, majina ya muuzaji na mashahidi wawili, alama za mwilini, na chifu wa kijiji apige muhuri.

Kumkagua ni kazi ya asubuhi, kabla hajafanyishwa kazi. Muuzaji mjanja humleta mnyama aliyekwisha kutembea kilomita kumi, ili mkali aonekane mpole. Kwa hiyo mnunuzi aende kwa muuzaji alfajiri, amkute amefungwa. Amsogelee kwa ubavu, si kwa nyuma. Masikio yakilala nyuma kabisa na makalio yakigeuka, mazungumzo yaishe hapo.

Kisha kinywa. Mdomo wa chini ukishushwa kwa kidole gumba, meno ya mbele husema umri kwa ukweli kuliko ulimi wa muuzaji. Mawili ya kati hubadilika mnyama akiwa na miaka miwili na nusu hivi, yanayofuata mitatu na nusu, ya pembeni minne na nusu, na kwenye miaka mitano kinywa kimejaa. Juu ya kila jino kuna kishimo cheusi. Kishimo hicho hulika kuanzia meno ya kati, na mnyama akiwa na miaka minane hivi vyote vya chini vimekwisha. Baada ya hapo meno huanza kulala mbele. Punda wa miaka mitano hadi kumi ana kazi ya miaka mingi ndani yake. Akiambiwa mnyama ana miaka minne na meno yamelala kama mizizi ya mti, mnunuzi acheke kwa adabu na apunguze bei, au aondoke.

Mgongo upapaswe kwa kiganja kizima, pole pole, kuanzia mabegani. Mnyama akizama chini ya mkono, pana kidonda au maumivu. Manyoya meupe yaliyoota mgongoni kwenye mwili wa kijivu ni makovu ya matandiko ya zamani. Hayamkatazi mtu kununua, lakini yanasema alivyotendewa. Masizi au mafuta meusi juu ya uti wa mgongo yapanguswe kwa kitambaa chenye maji, maana watu huficha vidonda kwa rangi. Miguu yote minne iinuliwe. Kwato ziwe zimesimama, zisipinde kama ndala. Mwisho muuzaji mwenyewe aambiwe amwongoze mnyama kwenye mawe, kisha kilimani, kisha avuke kijito. Punda wengi huogopa maji, na Walungu haina njia isiyo na kijito. Asiyevuka akiwa mtupu hatavuka akiwa na gunia.

Tandiko lisisahauliwe. Gunia likifungwa moja kwa moja kwenye uti wa mgongo, kidonda kitaota ndani ya juma moja. Stanley, kwa ubaya wake wote, alikaa Zanzibar akiwashonea punda wake matandiko kabla ya kuondoka. Fundi wa viatu na seremala wa Mugogo wanaweza kufanya vivyo hivyo: mito miwili iliyojazwa majani makavu, mmoja kila upande wa uti wa mgongo, ili uti wenyewe uguswe na hewa tu, na fremu ya mbao juu yake. Ni gharama ndogo kuliko dawa.

Na mnunuzi asichukue mmoja. Punda aliyetengwa na wenzake hulia usiku kucha, hukataa kula na hukata kamba. Muuzaji akiwa na wawili waliozoeana, majike kwa kuwa hawa huzaa, bei izungumzwe ya wote wawili siku hiyohiyo.